Mkiwi mkiwa wa Bamburi

Nilipobisha hodi jioni ile ya Agosti 2023, mjukuu wa Mwalimu alikuwa kachutama uani kwao Bamburi, Mombasa, anamwaga barafu kwenye shina la mmea. Barafu yenyewe ni ile ya kuhifadhia samaki, kainunua kwa ndoo, na ndani yake bado mlikuwa na magamba mawili matatu ya changu. "Wataka baridi," akanambia bila kuinua kichwa. Hilo alilisikia kwenye video ya simu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa baraza ya nyuma, leso mabegani, anatutazama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu umwone mgonjwa wetu."

Ukimtazama kwa mbali, mgonjwa huyo alikuwa na afya kuliko sisi sote. Kichanja cha boriti, urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, kilikuwa kimefunikwa na majani mapana kama visahani vya kikombe, na chini yake kivuli kizito. Matawi yalikuwa yamejisokota kwenye boriti kama kamba za jahazi. Mmea huo, mkiwi, yaani mti wa tunda la kiwi, ulikuwa na umri wa miaka minne na miezi minne, na haujawahi kutoa ua hata moja.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu kila aliyepita kwenye ua ule, mimi nikiwa wa kwanza, alitoa jibu, na mengi ya majibu hayo yalikuwa ya kweli. Ila yalikuwa ya kweli kuhusu mambo mengine.

Ulivyofika

Mwalimu alistaafu mwaka 2018. Kiwi aliionja mara ya kwanza hospitalini, alipokwenda kumjulia hali shoga yake, na mgonjwa akamkatia nusu. "Kama ukwaju uliokubali kuwa mtamu," ndivyo alivyonieleza, na mimi sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Akaanza kutafuta miche. Mwanzoni kila aliyemuuliza alidhani anatafuta dawa ya viatu, maana huku kwetu ukisema kiwi mtu anafikiria kikopo na brashi. Si makosa yao: dawa ile ya viatu ilipewa jina la ndege wa New Zealand mwaka 1906, na tunda lilikuja kupewa jina la ndege yuleyule mwaka 1959, pale wauzaji wa New Zealand walipotaka kuliuza Marekani na kuona kwamba jina lake la zamani halitawafaa sokoni. Asili hasa ya tunda lenyewe ni Uchina.

Muuzaji mmoja wa kwenye simu akamtumia miche miwili kwa basi, shilingi 3,500 kila mmoja. Kila mche ulifungwa kikaratasi: "Kiwi ya joto. Huzaa mwaka wa pili. Jike na dume katika mche mmoja." Mwalimu alikihifadhi kimoja ndani ya daftari, kama anavyohifadhi kila kitu. Nitakirudia kikaratasi hicho, kwa sababu kila sentensi yake ina kesi yake.

Upandaji ulikuwa mzuri, na nalisema hilo kwanza ili lawama zisimwendee asiyestahili. Aprili 2019, masika yanaanza, alichimba mashimo mawili ya sentimita 60, akaondoa mawe yote ya matumbawe, akajaza udongo mwekundu ulioletwa kwa gari kutoka Kwale, akachanganya na samadi ya mbuzi iliyoiva. Boriti alizitoa kwenye paa la nyumba ya marehemu babake iliyokuwa ikibomolewa. Mwaka wa kwanza mikiwi ilirefuka. Mwaka wa pili ikafika juu ya kichanja. Ule mwaka wa pili wa kikaratasi ukapita, wa tatu ukaingia.

Mwaka 2021 ndipo aliponipigia simu mara ya kwanza. Wakati huo nilikuwa na kitalu kidogo cha miche upande wa Kisauni, na watu walinichukulia kuwa najua. Nikamuuliza maswali matatu, nikamjibu palepale: "Mwalimu, hiyo yako ni dume." Sikwenda kutazama. Kutoka Kisauni mpaka kwake ni safari ya tuktuk moja tu, na sikwenda.

Jibu langu likapendwa, kwa sababu Mswahili yeyote analielewa. Nani hajui mpapai dume, ule unaoning'iniza maua marefu na kukupa kivuli tu? Na wazee wenye mitende wanajua kwamba bila chavua ya mtende dume jike halishiki tunda la maana. Habari ikaenda, jirani mmoja akaja na msumari wa nchi nne akaupigilia kwenye shina, kama watu wanavyoufanyia mpapai ili "ubadilike". Kovu lake lipo hadi leo. Halikubadilisha lolote, na hata kwa mpapai sijaona dume lililogeuka jike kwa sababu ya msumari wenyewe.

Masika ya 2022 mche mmoja ukanyauka ndani ya wiki mbili ukafa. Mkiwi uliosalia ukawa mkiwa kwelikweli. Mwalimu akaongeza mbolea kwa uliobaki, kwanza ya samadi, kisha ya dukani, ukazidi kunenepa majani. Kisha mjukuu akaona ile video.

Kwanza: je, ni mkiwi kweli?

Swali hili laonekana la kipuuzi mpaka ukiona vitu vinavyouzwa kwenye simu. Nimewahi kuitwa kutazama "mtufaha" uliokuwa mkunazi. Kwa hiyo kabla ya yote nilipanda ngazi. Machipukizi machanga yalikuwa na manyoya mekundu-mekundu, jani karibu mviringo lenye kitako cha moyo, shina linajisokota lenyewe bila vikono vya kushikia kama vya pasheni au maboga. Mkiwi, tena ule wa kawaida wa tunda lenye manyoya. Kwa hilo muuzaji hakudanganya.

Nilitazama pia shina karibu na ardhi nikitafuta kovu la pandikizi. Halikuwepo. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mkiwi uliopandikizwa kutoka mti unaojulikana huwa na jinsia inayojulikana, na kwenye nchi zake huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Uliooteshwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka saba na zaidi kabla ya ua la kwanza, na jinsia yake huijui mpaka siku hiyo. Kwa vyovyote, "huzaa mwaka wa pili" ilikuwa ndoto.

Ardhi

Majani ya chini yalikuwa kijani kibichi. Yale machanga ya ncha za matawi yalikuwa manjano, huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na Bamburi sababu yake huitafuti mbali. Nilimwomba mjukuu siki jikoni, nikachimba udongo kutoka mita moja nje ya shimo la asili, nikamiminia kijiko kimoja. Ukachemka na kutoa povu. Kijana akafurahi, akaurudia mchezo mara tano.

Povu lile ni chokaa. Bamburi yote imekaa juu ya matumbawe ya kale, jiwe lilelile linalochimbwa na kusagwa kuwa saruji. Anayetaka kujua mimea inavyoteseka juu ya jiwe hilo aende akatembee Haller Park: machimbo yale yalipoachwa yakiwa kama uwanja wa mwezini, René Haller alianza mwaka 1971 kujaribu miti ya kuyafunika, na uliomvumilia ukaenea ni mvinje. Mkiwi si mvinje. Unataka udongo wenye uchachu kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Kwenye chokaa, chuma kinaweza kuwemo ardhini na mmea usiweze kukinyonya. Udongo wa Kwale uliufaa kwa miaka miwili ya mwanzo, halafu mizizi ikatoka nje ya shimo ikakutana na mwenyeji. Tena maji ya kumwagilia yalikuwa ya kisima, na maji ya visima vya pwani yanajulikana: ukichemsha chai, birika linavaa koti jeupe.

Kwa hiyo aliyesema "udongo mbaya" alisema kweli. Lakini udongo mbaya unaeleza majani manjano ya juu. Hauelezi kukosekana kwa maua kwenye mmea wenye nguvu za kufunika mita za mraba 18.

Uliokufa

Nilichimbua kisiki cha ule mche wa pili. Mizizi ya mkiwi ni minene, laini, ya juujuu, na haivumilii kusimama majini. Hii ilikuwa ya kahawia, ganda linavulika kama soksi ukilivuta kwa vidole. Imeoza. Shimo lile lilikuwa chini ya mdomo wa bomba la paa, na chini ya udongo wa Kwale kulikuwa na mwamba usiopitisha maji upesi. Mvua za Mei zikaligeuza kuwa karai. Kifo hicho kina maelezo yake kamili na sina haja ya kukizungusha, isipokuwa kwamba kilimfanya Mwalimu auonee huruma uliobaki, na huruma hiyo ndiyo iliyoleta mbolea nyingi, na mbolea nyingi ikaleta majani.

Jinsia, na kosa langu

Hapa nililazimika kulimeza neno langu la 2021. Ni kweli mikiwi ina dume na jike kwenye miti tofauti. Mashambani hupandwa dume moja kwa majike kama manane, nyuki wapelekwe wakati wa maua, maana ua la mkiwi halina nekta ya kuwavutia sana. Kuna aina chache zinazojichavusha, kama ile iitwayo 'Jenny', kwa hiyo hata sentensi ya tatu ya kikaratasi haikuwa muhali. Lakini angalia hoja yangu ilivyokuwa: mkiwi dume *hutoa maua*. Hutoa mengi, meupe, yenye chavua tele. Lisilotoa ni tunda. Mmea wa Mwalimu haukuwa na tunda wala ua. Kusema "ni dume" kwa mmea usio na ua ni sawa na kumwita mtu bubu kabla hujamsalimu.

Nilipomweleza hilo Mwalimu alininyamazia kidogo. Kisha: "Kwa hivyo ule msumari ni wako." Ni wangu, nikakiri.

Alikuwa na wazo jingine. Ana mpwa anayeishi Auckland, New Zealand, na mpwa huyo alikuwa tayari kumletea vijiti vya mkiwi dume na jike ndani ya sanduku la nguo. Nilimkataza kwa nguvu kuliko nilivyozoea kusema mbele yake. Kuingiza mmea nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ni kosa, na sababu ya sheria hiyo iko kwenye historia ya tunda hilihili. Novemba 2010 bakteria waitwao Psa waligunduliwa Te Puke, kitovu cha kilimo cha kiwi cha New Zealand, na ndani ya muda mfupi bustani za kiwi ya dhahabu ya aina ya 'Hort16A' zikawa hazifai tena, zikakatwa na kupandikizwa aina nyingine. Kijiti kimoja chatosha kubeba balaa. Mpwa akaambiwa alete chokoleti.

Nikampa badala yake hadithi niliyojua itamfurahisha. Mwaka 1904 mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Wanganui, Isabel Fraser, alirudi New Zealand kutoka matembezini Uchina na mbegu za mmea huu. Zikamfikia mkulima Alexander Allison, ambaye mimea yake ilizaa mwaka 1910. Karibu biashara yote ya kiwi duniani kwa miongo mingi ilitokana na mbegu hizo chache, ambazo kwa bahati zilitoa dume na jike. Zingalitoka dume tupu, leo tungekuwa na dawa ya viatu peke yake.

"Mwalimu mkuu," Mwalimu akarudia, akaridhika.

Baridi

Sasa nirudi kwenye ndoo ya barafu, kwa sababu kijana, kati yetu sote, ndiye aliyekaribia.

Mkiwi ni mmea wa milima na mabonde ya Uchina yenye majira manne. Kila mwaka unapukutisha majani, unalala, unaamka. Macho ya kwenye matawi, yale yatakayotoa machipukizi yenye maua, hayaamki kwa sababu tu joto limerudi. Yangefanya hivyo, siku mbili za jua katikati ya kipupwe cha kwao zingeyadanganya yakachanua, kisha sakitu, yaani umande ulioganda, ikayaua. Kwa hiyo mmea unahesabu. Unajumlisha saa za baridi ulizopata, na hesabu isipotimia macho mengi hayafunguki, na yanayofunguka hutoa majani matupu. Aina maarufu kuliko zote, 'Hayward', huhitaji kati ya saa 700 na 1,000 chini ya nyuzi 7 hivi. Tafsiri yake ni kama siku 30 hadi 40 kamili, usiku na mchana, za baridi ya ndani ya friji.

Nilimwambia Mwalimu kwamba katika mtaa mzima, pahali pekee penye baridi hiyo ni friji yake. Usiku wa Julai, tunapojifunika shuka na kusema kipupwe cha mwaka huu kimezidi, kipimajoto cha Mombasa kinasoma nyuzi 20 au zaidi. Kwa mkiwi hicho ni kiangazi. Toka Aprili 2019 hadi siku ile hesabu yake ya saa za baridi ilikuwa sifuri.

Sisi hapa majira tunayahesabu kwa upepo. Kaskazi, kusi, tanga mbili katikati. Wazee walihesabu miongo, yaani makumi ya siku, kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, wakajua lini kupanda mtama na lini bahari itafungwa. Mmea huu una kalenda nyingine kabisa, na kwenye kalenda hiyo huku kwetu hakujawahi kuingia mwaka mpya. Mwalimu akalisema vizuri kwa lugha ya kazi yake: "Yaani ameshika rejista, yuwangoja jina la baridi liitike, na baridi hayuko shuleni."

"Hajaandikishwa kabisa, Mwalimu."

Na barafu? Kwanza, baridi inapaswa kuyafikia macho yenyewe, yaliyoko juu ya kichanja kwenye upepo wa nyuzi 27. Mizizi kupoa haiongezi hata saa moja kwenye hesabu ile. Pili, ndoo moja inayeyuka kabla ya isha. Tatu, maji yanayobaki yanalowesha mizizi isiyopenda kuloweshwa, na barafu ya samaki huenda ina chumvi pia. Kijana alikuwa ameutambua ugonjwa sawasawa na dawa yake ilikuwa inamuua mgonjwa. Nilimwambia hivyo, ila nikamsifu kwanza.

Kabla ya kufunga mlango nilijaribu jambo moja, kwa udadisi zaidi kuliko tumaini. Huko Batu, kisiwani Java, wakulima huzalisha matufaha karibu na ikweta kwa kung'oa majani yote kwa mkono baada ya mavuno, mti ukachanua kabla macho hayajazama kwenye usingizi mzito. Batu iko milimani, na tufaha si kiwi. Hata hivyo Septemba 2023 tulivua majani ya tawi moja, Mwalimu chini ananihesabia. Baada ya wiki tatu tawi likarudisha majani mapya, laini, mazuri. Majani tu. Ua la mkiwi linaandaliwa ndani ya jicho kiangazi kilichotangulia lakini umbo lake hujengeka mmea unapoamka, na huu haukuwa umelala.

Sentensi ya kwanza ya kikaratasi, "kiwi ya joto", ndiyo iliyokuwa mzizi wa mambo yote. Aina zinazohitaji baridi kidogo zipo. Kidogo hicho ni saa mia na zaidi, na Mombasa haina hata moja. Muuzaji simtaji, na sidhani alijua anachouza.

Tulichofanya

Niliweka mambo matatu mezani. Kuuacha kama mti wa kivuli, jambo ambalo halina aibu: Bamburi saa nane mchana kivuli ni mazao. Kuung'oa. Au kuugawa: kuupogoa nusu, nusu ya kichanja upewe mmea unaolizoea joto letu.

Mwalimu alichagua la tatu, na akaniuliza mmea gani. Nikasema pasheni, lakini si ile ya zambarau inayoletwa soko la Kongowea kutoka bara, hiyo ni ya nyanda za juu. Pasheni ya manjano, ganda gumu, chachu zaidi, ndiyo inayostahimili joto la huku pwani. Haikai kwa raha juu ya chokaa tupu, ila husamehe zaidi ya mkiwi. Safari hii hatukuchimba shimo, tulijenga tuta la sentimita 40 juu ya ardhi, mbali na bomba la paa, na tukapanda Aprili 2024.

Nilimwonya jambo moja, akacheka mpaka akashika ubavu. Pasheni ya manjano ina maua yenye dume na jike pamoja, lakini chavua ya mti mmoja haiupi tunda mti huohuo. Lazima itoke kwenye mti mwingine, tena wa mbegu tofauti, si kijiti cha mama mmoja. "Haya mambo ya ndoa hayataniishia?" akauliza. Tukapanda mitatu kutoka vitalu viwili tofauti.

Nyuki wadogo wa asali hawaifai kazi hiyo vizuri, migongo yao inapita chini ya viungo vya ua bila kuvigusa. Wanaoiweza ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao na kufanya nyumba humo. Mwalimu alikuwa kawapigia dawa miaka miwili kwa kuchelea boriti za babake. Tuliafikiana: boriti mbili kuukuu zikalazwa pembeni ya ua ziwe zao, zile za kichanja zikapakwa mafuta. Mpaka wajae, mjukuu ndiye nyuki. Maua ya pasheni ya manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku, tofauti na ya zambarau yanayofunguka alfajiri, kwa hiyo siku za likizo kijana akitoka msikitini anapita uani na kijiti cha pamba, anahamisha chavua kutoka mti hadi mti. Februari 2025 walichuma matunda ya kwanza, kama ndoo na nusu. Mwalimu asema juisi yake yataka sukari nyingi, na anaitia.

Mkiwi bado uko, nusu yake. Mbolea ya dukani imekoma, maji ni ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, na majani mapya yamepunguza umanjano. Kovu la msumari limefunikwa na gome kiasi.

Kuna kipande kimoja kimebaki. Tulipoupogoa Septemba 2023 nilichukua vijiti vinane, nikaviotesha kwenye mchanga kivulini, na vitatu vikashika mizizi. Binti wa Mwalimu ameolewa Ol Kalou, Nyandarua, kwenye mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari. Nilimwambia wazi asitegemee: huko baridi huja usiku, jua la mchana likarudisha joto, kwa hiyo saa hazijumliki upesi kama kule kunakokaa baridi mchana kutwa. Na vijiti vyote vitatu ni vya mti mmoja, kwa hiyo vyote ni dume au vyote ni jike. Akavichukua hivyohivyo kwa basi, mapema 2024.

Januari 2025, saa moja asubuhi, Mwalimu alinipigia. Bintiye alikuwa kamwambia sakitu imeanguka usiku, viazi vimeungua, na mikiwi mitatu imepukutisha majani yote, imebaki vijiti vitupu.

"Imekufa, mwanangu?"

Nikamwomba amwambie bintiye akwaruze gome kwa ukucha. Tukangoja kwenye simu, yeye huku anaongea na wa huko kwa simu nyingine. Chini ya gome palikuwa kijani.

"Basi imelala," nikamwambia. "Ndiyo mara yake ya kwanza."